Mwalimu aliyenifundisha hesabu anakuja kwenye usaili, nami ndiye wa kumuuliza maswali

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili wanaosoma shule moja, na mwaka jana wazazi walinichagua niwe mjumbe wa bodi ya shule hiyo. Kazi nimeipenda kuliko nilivyotegemea. Lakini sasa nimeingia kwenye jambo linaloninyima usingizi.

Mjumbe mmoja amehama na kiti chake kimebaki wazi. Kwa kanuni zetu kiti cha namna hii hakipigiwi kura na wazazi. Bodi inatangaza nafasi, watu wanaomba, jopo linawasaili na kupendekeza jina, kisha bodi nzima inaamua. Mwenyekiti ameteua jopo la watu watatu: yeye mwenyewe, mjumbe mmoja mzee ambaye sijawahi kumsikia akimpinga, na mimi. Nadhani nimewekwa ili na mwanamke aonekane.

Waombaji ni wanne. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu wa shule hiyohiyo. Alinifundisha hesabu nikiwa darasa la tano, na hadi leo nikikutana naye njiani najikuta nimenyoosha mgongo. Wa pili ni mfanyabiashara anayeiuzia shule madaftari na rangi, na ambaye pia aliwahi kutoa madawati kama msaada. Mwenyekiti humwita "mtu wetu". Wa tatu ni mama ambaye hakuna mkutano wa wazazi asiosimama kuuliza. Anataka kujua michango ya mitihani ilikwenda wapi, kwa nini hesabu za mwaka hazisomwi mbele ya wazazi, na nani aliidhinisha ukarabati wa vyoo. Walimu wakimwona getini, kila mmoja anakumbuka kazi nyingine ya kufanya. Wa nne ni kijana mhasibu. Hana mtoto shuleni, barua yake ya maombi ina aya mbili tu, na hakuna anayemjua.

Juzi mwenyekiti alinivuta pembeni akaniambia, "Usihangaike sana na maswali, huu usaili ni utaratibu tu." Nilicheka kwa adabu, lakini tangu hapo sina amani.

Nisaidie, Shangazi. Nitamhoji vipi mwalimu wangu, mtu wa umri wa baba yangu, bila kumvunjia heshima? Au nijitoe kwenye jopo? Yule mama naye, tukimwingiza ndani si kila kikao kitakuwa ugomvi? Maswali hasa ya kuuliza ni yapi? Sijawahi kumsaili mtu maishani. Na kama jina limeshapikwa, mimi nakaa pale kufanya nini? Nimeanza kuandika barua ya kujiuzulu.

Wako,
Mjumbe mwenye mashaka

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hiyo barua ya kujiuzulu iweke kabatini kwanza. Ukiondoka leo, jopo litabaki na watu wawili wenye sauti moja, na huyo "mtu wetu" atapita bila kuulizwa hata shule ina wanafunzi wangapi.

Mwenyekiti amekuambia usaili ni utaratibu tu. Mkubalie, kisha mdai huo utaratibu wote: maswali yaliyoandikwa, alama zilizoandikwa, maslahi yaliyotamkwa, kumbukumbu zilizosainiwa. Karibu kila jambo ulilonililia linatatuliwa hapo. Utaratibu ndio utakaokuwezesha kumuuliza mwalimu wako swali gumu bila kuonekana mtovu wa adabu, na ndio utakaomzuia mwenyekiti asilete jina mfukoni.

Kabla ya kufikiria swali lolote, mwombe katibu wa bodi kanuni zenu na usome zinasemaje kuhusu kujaza nafasi. Kila nchi ina yake. Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, wajumbe wa bodi ya usimamizi wa shule huteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na sheria inataja makundi yatakayowakilishwa, wakiwemo wazazi, walimu, wadhamini wa shule na watu wenye mahitaji maalumu. Afrika Kusini, Sheria ya Shule ya 1996 inataka wazazi wawazidi wajumbe wengine wote wenye kura, japo kwa mtu mmoja. Kule California, Marekani, kiti kikibaki wazi bodi ina siku 60 za kuteua mtu au kuitisha uchaguzi, na wapiga kura wasioridhika na aliyeteuliwa wana siku 30 za kuwasilisha saini za kumwondoa. Jimbo la Washington, nchi hiyohiyo, linaruhusu bodi kupima sifa za waombaji faraghani, lakini usaili wenyewe na kura ya kuteua lazima vifanyike mbele ya umma.

Sikutajii hayo ili muige ya wenzenu. Nataka uone mambo ambayo kanuni za mahali popote huwa zinayagusa, ili ujue cha kutafuta katika zenu. Nani mwenye neno la mwisho? Kuna muda maalumu? Usaili ni wa wazi au wa faragha? Na kubwa kuliko yote, kiti kilichobaki ni cha nani? Hili hukulisema kwenye barua. Kama ni kiti cha wazazi, yule kijana mhasibu asiye na mtoto shuleni huenda hana sifa kabisa, na ni uonevu kumwita aje kupoteza siku yake. Kama ni kiti cha jamii au cha mtu mwenye ujuzi maalumu, hesabu inabadilika. Nimeona bodi zikigombana mwezi mzima juu ya nani bora, halafu katibu anafungua faili na kugundua kwamba nusu ya waombaji hawakustahili kuomba.

Ukishajua kiti ni cha nani, uliza bodi inakosa nini. Kwa shule za umma za Uingereza, kanuni za mwaka 2012 zinasema mjumbe anayeteuliwa na bodi yenyewe awe mtu ambaye bodi inaamini ana ujuzi unaohitajika kuiongoza shule vizuri. Ni kipimo kizuri hata pale ambapo sheria haikidai. Chukua karatasi, andika majina ya wajumbe waliopo na kila mmoja analeta nini: nani anaweza kusoma daftari la fedha, nani anajua ujenzi, nani anawajua wazazi wasiokuja mikutanoni, nani amewahi kumlea mtoto mwenye ulemavu. Sehemu itakayobaki tupu ndiyo mnayoitafuta. Ipeleke kwa mwenyekiti kabla ya siku ya usaili. Ukiileta baada ya kuwasikia waombaji, itaonekana umeichora ili imfae mtu wako.

Sasa maswali, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo majopo mengi yanapoharibu. Usaili wa mazungumzo, ule wa "haya, tuambie habari zako", unapendwa na kila mtu kwa sababu hauumizi. Lakini unapima ulimi tu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na usaili uliopangwa, yaani kila mwombaji kuulizwa maswali yaleyale na kupimwa kwa kipimo kilekile, ulitabiri utendaji wa mtu vizuri kuliko mazungumzo ya kiholela. Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu hizo na mwaka 2022 wakapunguza makadirio mengi, lakini usaili uliopangwa ukapanda juu kabisa ya orodha, na ule wa kiholela ukazidi kushuka. Tafiti hizo ni za ajira, bodi ya shule si ajira, najua. Ila binadamu anayepima ni yuleyule, na anadanganyika kwa vitu vilevile.

Msimuulize mtu kwa jumla tu atafanya nini akiwa mjumbe. Akiwa bado anaomba, kila mtu atakuwa mwadilifu, msikivu na mpenda watoto. Muulizeni amefanya nini. Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Tusimulie wakati ulipokuwa kwenye kamati au kikundi chochote, ukapinga jambo, wenzako wakakushinda kwa kura. Ulifanya nini baada ya hapo?" Bodi huamua kwa pamoja. Mjumbe anaweza kupinga kwa nguvu zote ndani ya chumba, lakini uamuzi ukishapita ni wa wote. Sikiliza kama mwombaji alikubali kushindwa na kuendelea kufanya kazi, au alisusa, au alitoka akaenda kuusimulia mji mzima. Na akisema hajawahi kumpinga mtu, hilo nalo ni jibu. Mna mjumbe wa namna hiyo tayari kwenye jopo lenu.

Swali la pili liwe tukio. "Mzazi anakusimamisha njiani, analalamika kwamba mwalimu fulani hafundishi. Unamjibu nini?" Hapa mnapima kama mtu anajua mpaka wa kazi. Bodi inasimamia shule, mwalimu mkuu anaiendesha. Mjumbe akiwa peke yake barabarani hana mamlaka ya kumwita mwalimu yeyote. Jibu zuri linamsikiliza mzazi, linamwonyesha aanzie kwa nani, wala halimwahidi kitu. Jibu la "nitaingia darasani kesho asubuhi nijionee" hupigiwa makofi na wazazi, lakini ndilo linalofukuza walimu wazuri.

Kisha wapeni karatasi. Chukueni ukurasa mmoja wa mapato na matumizi, futeni kila jina, mpeni kila mwombaji dakika 10 aisome, halafu muulizeni anaona nini na angemuuliza nini mwalimu mkuu. Wala hamtafuti mhasibu. Mnatafuta mtu atakayeona kwamba matengenezo yamepanda ghafla au kwamba jumla haijumuishi kitu fulani, na asiyeona aibu kusema "hapa sijaelewa". Mjumbe anayeona aibu kusema hajaelewa ataidhinisha chochote.

Swali la maslahi lazima aulizwe kila mtu, kwa maneno yaleyale: "Wewe, ndugu yako wa karibu au biashara yako, mna uhusiano wowote wa fedha na shule hii, au na yeyote kati yetu tulioketi hapa?" Mkimuuliza mfanyabiashara peke yake atasema mmemlenga, na atakuwa na haki. La muda nalo msilisahau. Watu hukubali ujumbe wakidhani ni kuvaa vizuri siku ya mahafali, kumbe kuna makabrasha ya kusoma kabla ya kila kikao.

Ya kutouliza unayajua, lakini mwenzako mzee huenda hayajui: ndoa, mimba, dini, kabila, chama cha siasa. Yule mama asiulizwe nani atabaki na watoto ilhali wanaume watatu hawakuulizwa.

Haya, tuje kwa mwalimu wako.

Kufundishwa na mtu darasa la tano si undugu, wala si deni la fedha. Katika shule nyingi ukiwaondoa wote waliowahi kufundishwa na mzee mmoja hutabaki na jopo. Kwa hiyo sioni sababu ya kujitoa, ila litamke: mwandikie mwenyekiti mistari miwili kabla ya siku yenyewe, useme huyu alikuwa mwalimu wako, iingie kwenye kumbukumbu. Wenzako wakiona ni tatizo watasema. Ungejitoa bila kuulizwa kama angekuwa baba yako mkubwa, au kama mngekuwa na mradi wa pamoja.

Heshima ina mahali pake, na mahali pake ni mlangoni. Inuka, msalimie shikamoo kama siku zote, mwonyeshe kiti, mwite Mwalimu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukishaketi, soma swali kama lilivyoandikwa kwenye karatasi, neno kwa neno, kama utakavyomsomea yule kijana. Mwambie mwanzoni: "Mwalimu, maswali haya tumewaandalia waombaji wote, na nitayasoma kama yalivyo." Mtu aliyesahihisha mitihani maisha yake yote anaelewa kwa nini watahiniwa hupewa karatasi moja. Ukihisi bado ulimi utakuwa mzito, mgawane maswali, lile la kushindwa kwa kura alisome mwenzako. Usichotakiwa kufanya ni kumpunguzia. Ukimpa maswali mepesi kwa sababu ya mvi zake, umeshaamua kwamba hawezi magumu. Hilo ndilo litakuwa utovu wa adabu.

Kwake yeye nina wasiwasi wa aina nyingine. Alifundisha shule hiyohiyo, na bila shaka baadhi ya walimu wa sasa walikuwa chini yake. Mwalimu mstaafu anaweza kuwa hazina kwenye bodi, anajua ratiba inavyokwenda na anajua pale walimu wanapowapiga wajumbe chenga. Anaweza pia kugeuka mwalimu mkuu wa pili, kila kikao "enzi zetu". Jibu lake kwa lile tukio la mzazi njiani ndilo litakalokuonyesha ni yupi kati ya hao wawili. Lisikilize kwa makini kuliko mengine yote.

Mfanyabiashara sina chuki naye, na madawati ni madawati. Ila mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika mwaka 1920 jinsi makamanda walivyokuwa wakiwapima maofisa wao wa jeshi: aliyepewa alama za juu kwa umbo na mwonekano alipewa za juu pia kwa akili na uongozi, kana kwamba sifa moja imezimwagia sifa nyingine zote rangi yake. Madawati yanafanya kazi hiyohiyo. Mtu ametoa msaada, basi anaonekana mwenye busara, mwaminifu, mwenye muda. Msaada wake mshukuruni kwa barua nzuri yenye mhuri wa shule. Kiti hakilipi msaada.

Tatizo lake halisi ni madaftari na rangi. Sheria ile ya Afrika Kusini inamtaka mjumbe mwenye maslahi binafsi katika jambo atoke nje ya kikao kwa muda wote jambo hilo linapojadiliwa na kuamuliwa. Hata kama kanuni zenu hazisemi hivyo kwa herufi, hesabu mwenyewe: manunuzi, ukarabati, bajeti, madeni ya wazabuni. Vikao vingapi atakaa ndani? Ninyi ndio mnaojua ratiba yenu. Kama sehemu kubwa ya kazi inagusa fedha anazopokea, mtakuwa mmemteua mtu wa kukaa varandani. Muulizeni wazi, baada ya swali la maslahi, kama yuko tayari kuacha kuiuzia shule akiteuliwa. Akisema ndiyo, iandikeni. Akisita, mmepata jibu bila kumtuhumu mtu.

Nimefika kwa yule mama, na hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hakuna mahali ulipoandika kwamba anachouliza ni uongo. Umesema walimu wanamkimbia, umesema mtagombana. Hukusema michango ya mitihani ilisomwa. Hukusema hesabu za mwaka zilibandikwa. Kama maswali yake yana majibu, mngeshamjibu na angeshakaa. Kama hayana, basi ugomvi mnaouogopa mmekuwa nao siku nyingi, ila ninyi mmefunga mlango msiusikie.

Hata hivyo kuuliza nje na kuamua ndani ni kazi mbili. Kuna watu hodari sana wa kufichua kosa ambao wakipewa funguo hawajui wafungue nini. Na bodi ina mambo ya siri, kesi ya mwalimu, habari za mtoto aliyeumizwa, ambayo hayatoki nje hata kama umati unasubiri. Kwa hiyo msimuulize kwa nini anawachukia. Mpeni lile swali la kushindwa kwa kura kama wengine, na kwa wote wanne ongezeni moja: "Umejua ndani ya kikao jambo linalomhusu mtoto au mtumishi, na wazazi wanakuuliza nje. Unawaambia nini?" Akilijibu vizuri, umepata mjumbe ambaye mwenyekiti atamchukia kwa miezi sita na kumtegemea baada ya hapo. Asipolijibu vizuri, mwacheni aendelee kuuliza mikutanoni, na safari hii mjibuni.

Kijana mhasibu, aya zake mbili zisiwatishe. Kama kanuni zinamruhusu, msikilizeni kama wengine, na kwa ile karatasi ya fedha huenda akawashangaza. Kutojulikana si kosa. Ila chunguzeni historia yake, na ya waombaji wote, hata wale mnaowajua tangu utotoni. Shule ni mahali pa watoto. Uingereza, tangu 2016, wajumbe wa bodi za shule za umma ni lazima wafanyiwe ukaguzi wa rekodi za jinai. Fanyeni kinachowezekana kwenu, angalau mpate watu wawili wasio ndugu wa kumuelezea kila mwombaji, na muwaulize kwa sauti kama kuna sababu yoyote ya mtu huyu kutokaribia watoto. Watu huona haya kuuliza hivyo kuhusu mzee anayeheshimika. Ulizeni tu, maneno yaleyale.

Alama. Kila swali lipewe alama 1 hadi 5, na kabla ya siku mkubaliane 5 inafananaje na 1 inafananaje, hata kwa sentensi moja. Kila mjumbe wa jopo anaandika zake peke yake, mara mwombaji anapotoka, bila kunong'ona. Mkishawasikia wote wanne ndipo mnafunua karatasi, na anayeanza kusema awe mdogo wenu, yaani wewe, mwenyekiti amalizie. Akianza yeye na "mimi nimemwona huyu anafaa", mzee wenu atakuwa ameshafuta na kuandika upya. Mkitofautiana sana kwenye swali moja, msigawe wastani haraka, ulizaneni kila mmoja alisikia nini. Mara nyingi mmoja amesikia neno ambalo wengine limewapita.

Kumwambia mwenyekiti haya yote ni kazi ya adabu, na naona unayo. Usimwendee mbele ya watu, na usianze na "mtu wetu". Mwendee mapema, mkiwa wawili, umwambie: "Mwenyekiti, mimi ni mgeni kwenye usaili, nimeandaa maswali na karatasi za alama ili nisikosee. Naomba uyapitie." Ni mwenyekiti gani atakataa kupitia? Akiyaboresha, yatakuwa yake. Kisha omba karatasi za alama za kila mmoja ziambatanishwe kwenye taarifa itakayokwenda kwa bodi nzima, ili wenzenu wasiletewe jina tupu. Umeniambia bodi nzima ndiyo inayoamua, basi iamue ikiwa na kitu cha kusoma.

Akikataa yote hayo, usigombane naye. Nenda kwenye usaili, uliza maswali yako, andika alama zako, na taarifa ikiandikwa kinyume cha mlichokiona, usiisaini. Omba maoni yako tofauti yaandikwe kwenye kumbukumbu. Ni haki ya mjumbe na haihitaji sauti ya juu. Lakini usiende kuwasimulia wazazi yaliyosemwa na waombaji. Ukivujisha, utakuwa umelishindwa swali uliloliandika mwenyewe.

Umesema jina limeshapikwa. Inawezekana. Inawezekana pia mwenyekiti ni mtu aliyechoka, aliyeona msaada mmoja wa madawati na hakufikiria zaidi. Sijui, na wewe hujui. Karatasi za alama zitawatendea haki nyote.

Wasiochaguliwa waambieni ninyi, wasisikie kwa majirani. Barua fupi ya shukrani kwa kila mmoja, na anayetaka kujua alipungukiwa wapi aelezwe kwa kufuata karatasi yake ya alama, bila kutajiwa za wenzake. Wawili kati yao pengine mtawahitaji kwenye kamati ya fedha au ya taaluma kabla mwaka haujaisha, kama kanuni zinaruhusu watu wa nje.

Na kama baada ya yote bodi itampitisha mfanyabiashara kwa kura za haki, sawa, ndiyo bodi. Hakikisha tu jibu lake kuhusu madaftari na rangi limeandikwa, limesainiwa na liko kwenye faili la katibu kabla ya kikao chake cha kwanza.